Meza Niliyoipima Mwenyewe

Kama wiki iliyopita hukunisoma, hujakosa raha yoyote. Kibanda changu cha kushonea nguo kilibomolewa pamoja na vibanda vyote vya mtaa ule, nikahamishia cherehani sebuleni kwangu, na mume wangu akaanza kulalamika kwamba anaishi karakana. Mtu pekee aliyenionea huruma ni mama mkwe. Alikuja akakaa nami kutwa nzima, akanishika mkono, akaniambia, "Mwanangu, usiogope, mimi nipo."

Nilikomea pale wifi yangu alipoingia, akaitazama meza yangu ya kukatia vitambaa, akauliza maiti yuko wapi.

Meza yenyewe ilikuwa mlango wa zamani niliolaza juu ya miguu ya chuma. Sura haikuwa nayo, sikatai. Lakini ndiyo iliyonilisha, na juu yake nilikuwa fundi, si mke wa mtu tu.

"Mama anataka kuja kula hapa Jumapili moja," wifi akasema. "Atakula wapi? Magotini?"

"Sisi hula kwenye kochi," nikamjibu.

"Ninyi. Mama si mtu wa kula kwenye kochi."

Mume wangu anafundisha hesabu, na mtaa mzima unamwita Mwalimu, hata mimi. Alikuwa anasahihisha kazi za wanafunzi wake. Akasema bila kuinua kichwa, "Tutafute meza ya kulia. Zile za kurefuka, za mtindo wa zamani. Ndogo siku za kawaida, kubwa siku ya wageni."

Nilishangaa, maana Mwalimu hakuwahi kujua hata pazia letu lina rangi gani.

Nyumba yetu ni sebule, chumba kimoja cha kulala, bafu, na jiko ambalo ukitaka kufungua friji lazima kwanza utoke. Tena mlango wa chumba cha kulala unafungukia sebuleni. Mjenzi alikuwa amelewa au alikuwa na chuki na mtu. Kwa hiyo chochote utakachoweka sebuleni lazima kiuachie mlango ule njia, la sivyo utalala kwenye kochi.

"Na mimi nitakatia wapi?" nikamuuliza wifi alipoondoka.

Mwalimu akaja akakaa karibu yangu. "Siku za kazi meza ni yako. Irefushe, ukate vitambaa vyako unavyotaka. Jumapili iwe ya familia. Huo mlango wako tutautoa."

"Ya watu wangapi?"

"Sita."

"Sisi wawili?"

"Watu huongezeka, mke wangu," akasema.

Nilimwelewa nilivyotaka kumwelewa. Tumeishi miaka mingi bila mtoto, na kwa muda mrefu lilikuwa jambo ambalo hatulitaji. Nilikwenda jikoni, nikafunika uso kwa kitambaa cha vyombo, nikalia kwa furaha kama mjinga.

Tulikwenda kwa seremala tukiwa watatu, maana wifi hakosekani. Seremala alikuwa na meza tatu za mtindo ule, zile ambazo zingekaa vizuri pembeni ya redio kubwa ya mbao. Mbao za rangi ya chai ya rangi, kona zimelainishwa, miguu myembamba iliyochongoka chini na kutanuka kwa nje kama ya ndama aliyezaliwa leo.

Ya kwanza ilikuwa duara. Ukiivuta inapasuka katikati, unaweka ubao, inakuwa kama yai.

"Hii," wifi akasema. "Inapendeza. Watu wanatazamana."

"Kwenye yai sikati suruali," nikasema.

Ya pili ilikuwa na mabawa mawili yanayoning'inia pembeni. Nilibonyeza bawa moja likalegea. Kitambaa kizito pamoja na pasi kingelivunja.

Ya tatu ndiyo iliyoniteka. Ilikuwa na pembe nne, imenyooka, na ubao wa kuongezea umefichwa tumboni mwake. Unavuta ncha mbili, ubao unainuka, unaulaza, na mshono huuoni. Nilipitisha kiganja juu yake kama ninavyopitisha kwenye kitambaa kipya. Moyo wangu ulitulia.

"Hii ni ya ofisini," wifi akasema.

"Mke wangu ndiye atakayeitumia kila siku," Mwalimu akasema. "Achague yeye."

Nilimtazama wifi. Alitabasamu, tena kwa upole usio wake. Nilidhani nimeshinda, na nilitembea kwa madaha ndani ya karakana ile kana kwamba mbao zote ni zangu.

"Nitaitengeneza kwa kipimo cha sebule yenu," seremala akasema. "Nije nipime?"

"Nimeshapima. Mimi ni fundi pia."

"Kwa tepu ya nguo?"

"Sentimita ni sentimita," nikamwambia. "Itengeneze ndefu kadiri inavyowezekana. Ikifunguka, pabaki nafasi ya kiti na mtu wake, kisha mlango wa chumba upite. Usinipunje hata kidole."

Akanitazama, akaandika nilichosema.

Wakati meza inatengenezwa, wifi akanifanyia jambo ambalo hajawahi kunifanyia. Aliniletea mteja. Alinipigia simu niende kwake nikampime bibi harusi, gauni la harusi, kitambaa kipo tayari. Nilibeba pini na tepu yangu, nikakimbia.

Mteja alikuwa nesi. Mwanamke mtu mzima kidogo, mcheshi, mwenye mikono ya upole.

"Huyu ni fundi wangu," wifi akamwambia.

Hakusema wifi yangu. Niliona, nikameza.

Nilipoanza kumpima, nesi akaishika ncha ya tepu. "Mbona imekatwa?"

"Mwanzo ulichakaa nikaukata," nikasema. "Nikafunga kwa uzi mwekundu isifumuke."

"Kwa hiyo unanipima uongo."

"Nakuzidishia kidogo. Lakini kitambaa nacho nakipima kwa tepu hii hii. Mnadanganywa sawasawa, gauni linakaa."

Alicheka mpaka ikabidi nianze kiuno upya. Nilimpenda, nasema ukweli. Nikamuuliza habari za bwana harusi, maana bibi harusi anayepimwa hataki kuzungumza kingine.

"Amefiwa na mkewe, maskini," akasema kwa sauti ya chini. "Mtu mpole sana. Akimtaja mpaka leo machozi yanamlengalenga."

"Mpe pole zangu," nikasema, pini zikiwa mdomoni.

Wifi alikuwa amesimama dirishani, anatukodolea macho. Nilidhani anakagua kazi.

Gauni lile lilikuwa kazi ya mwisho kukatwa juu ya meza yangu ya maiti. Nilipomaliza, Mwalimu aliushusha mlango ule chini kwa mikono yake, na bawabu wa jengo letu akaupasua kuni. Nilisikia shoka kutoka dirishani. Nilijiambia kwamba mtu hawezi kulilia mlango.

Meza mpya ililetwa Jumamosi, pamoja na viti vyake sita. Ikiwa imefungwa ilikuwa ndogo, nadhifu, na miguu yake ile ya ndama. Mikono iliniwasha nikataka kuivuta. Wifi, aliyekuja kuipokea kana kwamba ni mgeni wake, akanipiga kofi dogo la mkono.

"Mama ndiye atakayeifungua kesho. Mwachie mama baraka yake."

Nikaacha, kwa heshima ya mama.

Jumapili niliamka nikapika vyungu vinne. Nilipanga sahani, nikapanga glasi, nikaweka vile viti sita ukutani. Niliposhusha chungu cha mwisho, simu ikaita. Wifi.

"Yule bibi harusi anataka kujaribu gauni leo. Nenda nalo nyumbani kwangu. Akichelewa, msubiri."

"Leo? Wageni je?"

"Wageni ni mama tu na sisi. Si umeshapika? Tutajipakulia."

Nilimfuata Mwalimu, alikuwa anapiga pasi shati jeupe. "Meza yangu, siku yake ya kwanza, nisikae hata kidogo?"

"Kazi ni kazi," akasema. "Mteja asikusubiri." Akanipangusa uzi begani kwa upole. Ule upole ndio unaoniuma hadi leo kuliko mengine yote.

Nilitoka na gauni kwenye mfuko. Nilishuka ngazi, na kabla sijafika chini nikakumbuka kopo la pini. Gauni halijaribiwi bila pini. Nikapanda tena, nikafungua kwa ufunguo wangu. Mwalimu alikuwa bafuni, maji yanamwagika, anaimba. Niliingia chumbani, nikarudisha mlango, nikaanza kutafuta kopo chini ya kitanda.

Nikasikia mlango wa mbele, kisha sauti ya wifi. "Ameondoka?"

Nilitaka kujibu. Sijui ni nini kilichonizuia. Labda ni vile hakutaja jina.

"Ameondoka na mfuko wake," Mwalimu akajibu akitoka bafuni.

"Gauni kalibeba?"

"Kalibeba."

Wifi akacheka. "Kwa hiyo gauni linakwenda kwangu, na mwenye gauni anakuja hapa."

Jamani, sikuelewa. Nilisimama na kopo mkononi, na akili yangu ikakataa kabisa. Nilidhani wanazungumza habari za watu wengine.

"Acheni maneno, fungueni meza," akasema mama mkwe. "Wakwe wako ngazini."

Hapo nikaelewa. Nikakaa kitandani, na gauni likakaa pembeni yangu ndani ya mfuko wake.

Nilisikia meza ikivutwa. Nilisikia ubao ukiinuka tumboni na kulala mahali pake, sauti laini, kazi safi. Kisha viti vikaburutwa. Kimoja kikaja hadi mlangoni kwangu, na mtu mzito akakaa.

Niliinuka nikasukuma mlango. Ulifunguka upana wa vidole viwili, ukagota.

Nami nikajua sababu. Nilikuwa nimepima sebule kwa tepu ile iliyokatwa. Mtu unampima kwa mkupuo mmoja, uongo unakuwa mdogo, tena kitambaa nacho kinadanganywa vilevile. Lakini sebule niliipima kwa kuilaza tepu, kuiinua, kuilaza tena, na kila nilipoilaza ilinizidishia. Seremala yeye alikata mbao kwa futi ya chuma. Ile nafasi ya mlango niliyoiringia ilikuwa kwenye tepu yangu tu. Nilikuwa nimejifungia ndani kwa kipimo changu mwenyewe.

Wageni waliingia. Niliitambua sauti ya nesi kabla hajamaliza salamu. Alikuwa na mjomba wake na shangazi yake, nikahesabu viti kichwani. Mama mkwe, wifi, Mwalimu, na hao watatu. Sita. Watu huongezeka, mke wangu.

"Meza nzuri," shangazi akasema. "Za siku hizi hazina miguu kama hii."

"Niliichagua mwenyewe," Mwalimu akasema.

Wakasifu sebule. Wakasifu mapazia niliyoyashona. Kisha nesi akauliza, "Hicho kilichofunikwa shuka pale pembeni ni cherehani?"

Nikasikia glasi ikiwekwa mezani.

"Ya marehemu," Mwalimu akasema. "Nimeshindwa kuitoa."

"Pole," nesi akasema. Sauti yake ilijaa huruma kweli. "Usiitoe. Ikae."

Mimi marehemu nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, nimeshika kopo la pini. Nikakumbuka pole niliyoituma kwa bwana harusi. Nilikuwa nimempa mume wangu pole kwa kifo changu.

Nikasukuma mlango tena, kwa bega. Kiti kikasogea kidogo, na aliyekikalia akageuka.

Alikuwa mama mkwe. Jicho lake likakutana na langu kwenye ule upenyo, karibu kiasi cha kuhisi pumzi yake. Nilisema kwa midomo tu, "Mama."

Alinitazama. Nilimwona akinitambua, nikamwona akifikiri. Mwanamke aliyenishika mkono siku kibanda changu kilipobomolewa. Nikapata tumaini, Mungu anajua, nikapata tumaini kubwa.

Kisha akageukia meza, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, na mlango ukafungika usoni kwangu.

"Kuna upepo," nikamsikia akisema. "Huu mlango haukai vizuri. Pakueni, chakula kinapoa."

Wakapakua. Harufu ya chakula changu ikanifikia chini ya mlango.

"Tamu sana," mjomba akasema. "Nani kapika?"

"Mimi," wifi akasema. "Tangu alfajiri niko jikoni."

Mtaniuliza kwa nini sikupiga kelele. Mwaniuliza ninyi mlio nje. Nilifungua kinywa, ikatoka pumzi. Tena hata ingetoka sauti, hawa watu hawakosi jibu. Wangesema ni fundi wa wifi, kapagawa, kaingia kuiba. Nilikaa sakafuni, nikaegemea kitanda, na mkono wangu ukagusa mfuko wa gauni. Juu yake ilikuwa tepu.

Nikafikiri kidogo. Mama mkwe ameegemea mlango. Lakini hakuna mtu anayeweza kula akiwa ameegemea nyuma.

Nikaikunja tepu kama gurudumu, ncha ya uzi mwekundu katikati, ncha ya chuma nje. Nikapiga magoti. Nikasikiliza kijiko cha mama mkwe kikigonga sahani, nikasikia kiti kikilia alipoinama mbele. Nikasukuma mlango kwa ncha za vidole, polepole. Upenyo ukatokea.

Kupitia chini ya kiti chake niliona ile miguu myembamba ya meza, na katikati yake viatu. Viatu vyeusi vya Mwalimu, nilivyovipaka rangi jana yake. Viatu virefu vya wifi. Na upande wa pili, vimekaa pamoja kwa adabu, viatu bapa vyeupe vya kazi ya hospitali.

Nikashika ncha ya chuma, nikaliviringisha lile gurudumu.

Tepu ilikimbia sakafuni, ikajifungua njia nzima, ikapita kiatu cha wifi, ikagonga kiatu cheupe, ikalala.

Kijiko kimoja kikatulia. Mkono ukashuka chini ya meza, ukaokota.

"Hii tepu naijua," nesi akasema. "Ni ya fundi wangu. Uzi mwekundu huu hapa."

"Aliisahau kwangu," wifi akadakia, bila hata kumeza tonge. "Nimekuja nayo kwenye mkoba. Imedondoka. Nipe niiweke."

Hakosi jibu, nimewaambia.

Nesi hakumpa. Alikuwa anaitazama tepu, na anatazama inakoelekea, chini ya meza, kati ya viti, hadi nyuma ya mgongo wa mama mkwe. Nilihisi akivuta kidogo, kama mtu anayejaribu uzi.

Nikashika kwa mikono miwili.

Akavuta tena, safari hii kwa utaratibu, na hakuna aliyekuwa anakula. Alipozungumza, ile sauti ya kucheka haikuwepo.

"Mwalimu," akasema, "marehemu mkeo alikuwa fundi wa nguo?"

Mama mkwe akaanza kuegemea nyuma, taratibu, kwa uzito wake wote, na mlango ukaibana tepu katikati yetu. Nesi hakuachia, na mimi sikuachia.